Mhunzi wa Tlawi, uliza kilohezi kabla ya kununua mashine

MVUA zinapokaribia katika vijiji vya Tlawi wilayani Mbulu, kazi ya mhunzi huongezeka ghafla. Majembe yaliyolika, mashoka yaliyopinda na ncha za plau zilizobaki vibutu vyote hutakiwa ndani ya wiki zile zile chache, kwani maksai wakishafungwa nira hakuna mkulima anayetaka kusubiri. Kinachomchelewesha mhunzi mara nyingi si nyundo bali moto. Chuma kinaingia kwenye makaa, mivukuto inapulizwa, na watu wanakaa wakisubiri kiive.

Hapo ndipo mashine ya kupasha chuma moto kwa umeme, ijulikanayo kwa jina la indaksheni, inapoleta tamaa. Haina mkaa, haina moshi wala mivukuto. Ni sanduku lenye ukubwa wa mashine ya kuchomelea, na mbele yake kuna bomba dogo la shaba lililozungushwa kama springi. Ukipitisha kipande cha chuma katikati ya bomba hilo bila kuligusa, kinaanza kuwa chekundu ndani ya sekunde chache. Mashine ndogo za aina hii kutoka China zinauzwa sehemu nyingi duniani, na wahunzi wa nchi nyingine wamekuwa wakizitumia kwa miaka kadhaa sasa.

Muuzaji atamweleza mteja mambo mawili: bei na kilowati. Jambo la tatu limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha nyuma, na ndilo linaloamua kama fundi atapata mashine ya kazi au pambo la karakana. Jambo hilo ni masafa ya mkondo, yanayopimwa kwa hezi au kilohezi.

Neno hilo si geni kwa msikilizaji wa redio. Kituo kinapotangaza kwamba kinasikika katika megahezi fulani, maana yake ni idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Umeme nao ni hivyo hivyo. Mkondo unaotoka kwenye gridi ya Tanzania hukamilisha mizunguko 50 ya kwenda na kurudi kila sekunde, yaani hezi 50. Mashine ya indaksheni huuchukua mkondo huo na kuuharakisha hadi mizunguko elfu kadhaa, makumi elfu au hata mamia elfu kwa sekunde, kisha huupitisha kwenye lile bomba la shaba, ambalo mafundi huliita koili.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba usumaku unaobadilika huzalisha umeme ndani ya chuma kilicho jirani. Mkondo unaozunguka ndani ya kipande hukumbana na ukinzani wa chuma chenyewe, na ukinzani huo ndio unaotoa joto. Kwa hiyo chuma hakipashwi na koili, kwani koili yenyewe hupozwa kwa maji muda wote. Chuma hujipasha chenyewe kutoka ndani ya ngozi yake.

Neno "ngozi" hapa halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mkondo wa aina hii haupendi kuingia katikati ya chuma. Hukimbilia juu, na kadiri masafa yanavyokuwa makubwa ndivyo unavyozidi kubana kwenye tabaka jembamba la nje. Ukiongeza masafa mara nne, kina cha mkondo hupungua kwa nusu. Ukiyaongeza mara mia, kina hubaki sehemu moja ya kumi.

Kwa chuma cha pua kilichokwisha kuwa chekundu cha kung'aa, hesabu ya kitaalamu inatoa picha ifuatayo. Kwa hezi 50 za gridi mkondo huingia kiasi cha milimita 75, yaani karibu upana wa kiganja cha mkono. Kwa kilohezi 1 huingia milimita 17 hivi, kwa kilohezi 10 milimita 5, kwa kilohezi 50 milimita mbili na nusu, na kwa kilohezi 400 haifiki hata milimita moja.

Jembe la mkono, springi na nondo nene

Takwimu hizo zingebaki za darasani kama si kanuni moja ambayo mafundi wa viwandani huifuata. Ili kipande kishike moto vizuri, unene wake unatakiwa uwe angalau mara tatu ya kina cha mkondo. Kikiwa chembamba kuliko hapo, mkondo wa upande huu na wa upande ule, ambao huenda kinyume, hukutana katikati na kuuana. Umeme unaliwa, koili inachemsha maji yake, lakini chuma kinabaki vile vile.

Chukua mfano wa springi ya gari, chuma kinachopendwa na wahunzi karibu kila mahali kwa sababu kina kaboni ya kutosha na hukubali kuwa kigumu. Springi yenye unene wa milimita 10 inahitaji masafa ya kilohezi 25 hadi 50. Mashine nyingi ndogo zinazouzwa kwa jina la kilowati 15 hufanya kazi kati ya kilohezi 30 na 80 au 100. Hapo mhunzi amepata kilicho chake.

Lakini huyo huyo akileta shina la chuma la milimita 50 ili atengeneze nyundo au fuawe, mashine itamwonyesha maajabu. Ngozi ya nje itang'aa na kutoa magamba ndani ya muda mfupi, huku moyo wa chuma ukiwa bado mweusi. Fundi asiyejua atapiga nyundo akidhani kimeiva, na chuma kitapasuka. Kazi ya unene huo inataka kilohezi 1 hadi 3. Kwa mashine ya masafa makubwa itambidi apunguze nguvu na kusubiri joto litambae lenyewe kuelekea ndani, na muda wa kutambaa hauongezeki sambamba na unene: unene ukiwa mara mbili, muda huwa kama mara nne.

Upande wa pili lipo jembe la mkono. Bapa lake kwenye makali lina milimita mbili au tatu tu. Kwa kilohezi 50 makali hayo yatashika moto haraka mwanzoni, kisha yatasita yakiwa na wekundu wa damu ya mzee, wakati sehemu nene karibu na tundu la mpini inaendelea kung'aa. Mtu anaweza kudhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Chuma kinapofika nyuzi joto 770 hivi za Selsiasi hupoteza usumaku wake, na palepale kina cha mkondo huongezeka mara kumi na zaidi. Bapa ambalo lilikuwa "nene" kwa mkondo huo likiwa baridi, sasa limekuwa jembamba mno. Ili milimita tatu ziendelee kupanda hadi joto la kufulia, nyuzi 1,100 hadi 1,200, yanatakiwa masafa ya kilohezi 200 hadi 300.

Hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote dukani. Wauzaji hupenda kuonyesha msumari au bolti ikigeuka nyekundu kwa kufumba na kufumbua. Bolti ya milimita 12 ni saizi ambayo mashine hizo zinaiweza, na wekundu wa kwanza si kazi. Mnunuzi aende na jembe lake mwenyewe na kipande cha plau, aombe vipashwe mpaka rangi ya machungwa iliyokolea, na ahesabu dakika.

Ipo njia ya kupunguza tatizo la bapa bila kununua mashine nyingine. Badala ya koili ya duara inayolizunguka jembe, fundi hukunja bomba la shaba liwe bapa kama kitumbua na kulielekeza kwenye uso wa jembe. Njia hii husaidia, ingawa haifuti kanuni. Na bomba hilo ni bomba kwa sababu hiyo hiyo ya ngozi: kwa kilohezi 50 mkondo katika shaba hutembea kwenye tabaka la milimita 0.3 tu, hivyo kununua fimbo nzima ya shaba ni kulipia chuma kisichofanya kazi. Tundu la katikati hupitisha maji ya kupoza. Maji yawe safi, yazunguke kutoka kwenye pipa. Maji ya bwawa yenye tope huziba bomba, na koili iliyokosa maji kwa dakika moja huungua.

Hesabu ya umeme, na hesabu ya muda

Kupandisha kilo moja ya chuma hadi nyuzi 1,200 kunahitaji kiasi cha uniti 0.22 za umeme zinazoingia ndani ya chuma chenyewe. Mashine iliyolingana na kazi yake hutumia kama uniti 0.4 kwenye mita. Kwa bei ya kundi la T1 iliyowekwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 117. Mashine isiyolingana inaweza kula uniti nzima kwa kilo hiyo hiyo, yaani shilingi 292. Msomaji atasema tofauti ya shilingi 175 si ya kumfilisi mtu, na atakuwa sahihi.

Hasara iko kwenye muda. Mashine inayovuta kilowati 7 ikilingana na kazi hupasha kilo 17 na nusu kwa saa; isipolingana hupasha kilo 7. Tuseme kutengeneza upya jembe moja kunahitaji kulirudisha kwenye moto mara tano, kila mara nusu kilo ya bapa. Upande wa moto peke yake, mashine ya kwanza inaruhusu majembe 7 kwa saa na ya pili hayafiki 3. Nyundo ina muda wake, hivyo idadi halisi kwa siku itakuwa ndogo. Tuichukulie kuwa majembe 25 kwa fundi wa kwanza na 10 kwa wa pili.

Sasa tuseme kikundi cha wahunzi kimekopa shilingi milioni 3 kwenye SACCOS, na kila jembe linabakiza shilingi 1,000 baada ya umeme na posho. Deni hilo ni majembe 3,000 kabla ya riba. Fundi wa kwanza atalimaliza kwa siku 120 za kazi, wa pili kwa siku 300. Iwapo msimu wenye wateja wengi una siku 60 za kazi kwa mwaka, wa kwanza anatoka kwenye deni katika msimu wa pili, na wa pili anaburuza hadi wa tano, huku riba ikikimbia. Mashine zote mbili zinaweza kuwa na kilowati sawa na bei sawa. Kilichotofautiana ni namba ya kilohezi.

Kwa sababu hiyo kikundi kinachofikiria kukopa kianze na mzani na rula, kisianze na katalogi. Kwa wiki mbili tatu kiandike kila kazi inayoletwa na unene wake. Kama sehemu kubwa ni springi na ncha za plau za milimita 8 hadi 15, mashine ya kilohezi 30 hadi 80 inatosha na majembe membamba yaendelee kupikwa kwenye mkaa. Hakuna sheria inayosema mhunzi mwenye umeme avunje mivukuto yake. Kama sehemu kubwa ni majembe ya mkono, basi mashine hiyo iliyo rahisi kupatikana si yake.

Ugumu wa ncha ya plau

Mkulima asiyefua chuma anaweza kudhani habari hii haimhusu. Inamhusu pale anapolipia ncha ya plau "iliyokaushwa" iwe ngumu. Kukausha huko ni kuipasha ncha hadi nyuzi 850 hivi kisha kuizamisha ghafla kwenye maji au mafuta, na baadaye kuirudishia joto kidogo ili isiwe kama kioo. Viwandani indaksheni ilipata heshima yake kwenye kazi hiyo hasa. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilianza kuitumia kukausha krenkishafti za injini, ili sehemu inayosuguana iwe ngumu na moyo ubaki laini usiovunjika.

Kwenye kukausha, masafa huchagua unene wa gamba gumu. Kwa kilohezi mia na zaidi gamba ni la milimita moja au moja na nusu. Kwa kilohezi 10 hufika milimita 3 hadi 5. Ncha ya plau yenye gamba jembamba mno inapendeza siku ya kununua na hulia vizuri ikigongwa, lakini kwenye udongo wa mchanga gamba linaisha mapema, na kutoka hapo chuma laini cha chini kinalika kama muwa. Ikipashwa ikaiva na kukauka mpaka moyoni, itadumu hadi siku itakapogonga jiwe. Katika mashamba ya miteremko ya Mbulu siku hiyo haiko mbali.

Lakini masafa hayawezi kukipa chuma kile ambacho hakina. Nondo nyingi za ujenzi zina kaboni kidogo na hazikauki vizuri hata zikipashwa kwa mashine ya thamani namna gani. Anayeuza jembe la nondo kwa jina la jembe la springi anauza maneno. Tupa ndiyo shahidi: ikipita juu ya makali bila kung'ata, kimekauka, ikila kama mbao, hakikukauka. Vituo vya umma vilivyopo Arusha, CAMARTEC kwa zana za kilimo na TEMDO kwa usanifu wa mitambo, pamoja na SIDO, ni mahali ambapo kikundi kinaweza kwenda na sampuli zake kabla ya kuingia mkopo.

Kwa wale wanaoshika shaba, hali ni nyingine kidogo. Mafundi wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi wanajulikana kwa kuyeyusha makufuli na koki za bomba ili kupata bangili na mapambo. Shaba ya aina hiyo haina usumaku na ukinzani wake ni mdogo, hivyo hushika moto wa indaksheni kwa uvivu. Tatizo hilo lina dawa rahisi, ambayo ni chungu cha grafaiti. Grafaiti yenyewe hupokea mkondo, ikawa moto, na shaba iliyomo ikayeyuka kwa joto la chungu.

Jambo hilo hilo limeanza kuingia jikoni. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, umeongeza gumzo la majiko ya umeme, na miongoni mwake yapo ya indaksheni yanayofanya kazi kwa kilohezi 20 na kitu. Wenye maduka ya Mbulu na Katesh wanaotaka kuyaleta wajue kwamba sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye nyumba nyingi, haitachemka juu ya majiko ya kawaida ya aina hiyo. Kwa masafa hayo alumini haina ukinzani wa kutosha kutoa joto. Mteja atarudisha jiko akisema ni bovu. Sumaku ndogo kaunta inamaliza ubishi: sufuria inayoshika sumaku itapika.

Mnunuzi wa vyuma chakavu naye yumo katika mlolongo huu. Viwanda kadhaa vya nondo nchini huyeyusha skrepa kwa matanuru makubwa ya indaksheni, ambayo hutumia masafa madogo, ya mamia ya hezi, kwa sababu mzigo wa tani kadhaa unahitaji mkondo uingie ndani na kuukoroga uji wa chuma. Tanuru hilo huyeyusha lakini halisafishi kama linavyosafisha tanuru la kupuliza oksijeni. Uchafu ulioingia hubaki, na chombo kilichofungwa chenye maji ndani, kama shokomzoba au mtungi, kinaweza kulipuka. Hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda kukagua na kukata bei ya skrepa chafu. Springi safi zilizotengwa zina thamani mara mbili: kwa kiwanda na kwa mhunzi wa kijijini, ambao sasa wanagombania chuma kile kile.

Limebaki suala la umeme wenyewe kijijini. Mashine ya kilowati 7 kwenye laini ya waya mbili ya volti 230 huvuta kama ampia 30, sawa na mota ya mashine ya kusaga isiyo ndogo. Waya wa nyumba uliowekwa kwa ajili ya taa na redio hauwezi kubeba mzigo huo. Laini itoke kwenye mita kwa waya mnene na swichi yake. Transfoma inayogawana mzigo na mashine za kusaga hupungukiwa volti saa za jioni watu wanapopeleka mahindi, na baadhi ya mashine za indaksheni hujizima volti ikishuka. Wahunzi wamezoea kuamka mapema kwa sababu ya jua. Mwenye mashine hii atafanya hivyo kwa sababu ya transfoma, na kufikia saa nne asubuhi majembe ya siku nzima yanaweza kuwa yameshaiva.